Kwa nini tunahukumu watu kunyongwa na hatuwanyongi?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Kahama. Mwaka jana kijana wa jirani yetu alihukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa kumkata mapanga shangazi yake usiku, akimtuhumu kuwa mchawi. Hapa kijijini maneno ni mengi. Wapo wanaosema hatanyongwa kwa kuwa marais wetu wanaogopa damu, wengine wanasema wazungu ndio waliotufunga mikono. Mimi najiuliza: kama hawanyongi, mahakama zinahukumu kwa nini? Na kama hawaitaki adhabu hii, kwa nini wasiifute tukajua moja?

Jibu: Marahaba mwalimu, na poleni sana. Msiba wa namna hii huwa mzito mara mbili, aliyekufa ni wenu na aliyeua ni wenu.

Nikwambie mapema ninavyoliona jambo lenyewe. Adhabu ya kifo imebaki kwenye sheria zetu kwa sababu kuiacha ilipo hakumgharimu mwanasiasa yeyote chochote. Kuitekeleza kunagharimu, na kuifuta kunagharimu. Kuiacha tu ni bure.

Tuanze na mahakama, maana majaji wanalaumiwa bila kosa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimpi jaji nafasi ya kuchagua: akishamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, adhabu ni moja. Wanaonusurika ni aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha. Siku moja ukipata nafasi kaa Mahakama Kuu wakati wa hukumu ya kesi ya mauaji. Jaji akishasema mshtakiwa ana hatia, humuuliza mwendesha mashtaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Kisha humgeukia wakili wa utetezi, naye husimama: mteja wangu ni kijana, ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, amekaa mahabusu miaka mingi. (Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo miaka hiyo ni ya kweli.) Jaji huandika yote, taratibu, kana kwamba yatabadilisha kitu. Halafu husema ameyasikia, ila sheria haimruhusu kwenda kokote, na hutamka adhabu ambayo kila mtu mle ndani alikuwa anaijua tangu neno "hatia" lilipotoka. Nimeona majaji wakitamka hayo huku wameinamia karatasi.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani anaamua mtu aingie kwenye hatari ya kunyongwa, tazama kabla ya hukumu. Ofisi ya mashtaka ndiyo inayoamua mtu ashtakiwe kwa mauaji au kwa kuua bila kukusudia. Tofauti yake ni kubwa mno. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji anaweza kushuka mpaka miaka michache sana. Chukua vijana wawili waliopigana kwenye vilabu vya pombe ya kienyeji, kila mmoja akamuua mwenzake kwa fimbo. Mmoja ana ndugu wenye uwezo, wakamtafutia wakili mapema, wakili akazungumza na waendesha mashtaka, kijana akakiri kosa dogo. Mwingine alipewa wakili na serikali, wakaonana siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, hawakupata hata muda wa kuelewana vizuri. Wa kwanza atarudi nyumbani angali na nguvu za kulima. Wa pili yuko kondemu, wanakokaa waliohukumiwa kunyongwa. Wafungwa wa kunyongwa ninaowafahamu mimi karibu wote ni watu wa chini: wakulima, wachungaji wa ng'ombe, vibarua, na hilo halijatokea kwa bahati.

Sasa upande wa baada ya hukumu. Rufaa zikiisha, jalada hupanda kwa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa uwezo wa kusamehe, kupunguza au kubadilisha adhabu, na bila hati yenye saini yake hakuna anayenyongwa. Sheria haikumwekea muda. Asiposaini na asiposamehe, hakuna pa kumshtaki. Jalada linakaa na mfungwa anakaa. Ndivyo tulivyo tangu 1994, mwaka wa mwisho kunyonga watu, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mkapa hakunyonga, Kikwete hakunyonga. Magufuli alikwenda mbali zaidi: Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema hadharani kwamba anajua ugumu wa kutekeleza adhabu hiyo, akaomba asipelekewe majina. Desemba mwaka huohuo, kwenye sherehe za Uhuru Dodoma, akatangaza msamaha uliowagusa wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Watu wanaikumbuka siku ile kwa sababu ya wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, walioachiwa kwa msamaha huohuo. Wale 61 walipita bila mtu kuuliza. Na hapo ndipo ile hoja ya kijijini kwamba marais wanaogopa damu inaponishinda, kwa sababu Magufuli hakuwa mtu wa kusitasita, na bado saini hii hakuitaka.

Haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati dola ilikuwa na sababu ya kunyonga na ikanyonga. Wazee wa Iringa hawajasahau Krismasi ya 1971 kule Isimani. Mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikuwa anasukuma kilimo cha ujamaa kwa nguvu, na wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa wanaona mashamba yao yanawaponyoka. Siku ya sikukuu Kleruu akamfuata Saidi Mwamwindi shambani kwake, wakatupiana maneno, Mwamwindi akachukua bunduki akamuua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaliendesha hadi polisi Iringa mjini na kujisalimisha. Mtu aliyepeleka maiti polisi kwa mikono yake hakuwa tishio kwa jirani yeyote. Alikuwa tishio kwa sera. Utetezi wake mahakamani haukupokelewa, na alinyongwa. Sisemi kwamba mahakama iliagizwa. Sheria ya mauaji ilitosha kabisa kumfikisha pale. Ninachosema ni kuwa nafasi ya huruma ilikuwepo Ikulu, na kumwonea huruma aliyemuua mkuu wa mkoa katikati ya Ujamaa kungesomwa na kila mkulima nchini.

Mfano mwingine naupenda kwa sababu unaziweka nchi mbili kwenye mizani moja. Agosti 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Jaribio liliposhindwa, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbia kwa ndege ya jeshi hadi Tanzania, wakahifadhiwa. Mwanzoni mwa 1983 njama ya kumpindua Nyerere nayo ikagundulika huku kwetu, na baadhi ya watuhumiwa wakatoroka mahabusu wakaingia Kenya. Mwaka uleule mpaka uliokuwa umefungwa tangu 1977 ulifunguliwa, na serikali mbili zikarudishiana watu wao. Ochuka na Okumu walihukumiwa kifo, wakanyongwa kwenye gereza la Kamiti Julai 1987. Mpaka leo ni wa mwisho kunyongwa Kenya. Wa kwetu walihukumiwa mwishoni mwa 1985. Kwa sheria yetu uhaini unamwachia jaji nafasi ambayo mauaji hayamwachii, na jaji akaitumia: kifungo cha maisha. Mwaka 1995 wakaachiwa kwa msamaha. Kosa lilikuwa la aina moja, miaka ni ileile, na pande zote mbili kulikuwa na waliopita kwenye mpango mmoja wa kurudishiana watu. Moi alikuwa na kiti kilichotikiswa kweli, milio ya risasi ilisikika Nairobi. Nyerere alikuwa anang'atuka kwa hiari yake.

Kenya hiyohiyo ilikuwa imepitisha mwaka 1973 kwamba hata unyang'anyi wa kutumia nguvu adhabu yake iwe kifo tu, wakati raia wa mijini walipokuwa wanapiga kelele kuhusu majambazi. Matokeo yake magereza yakajaa watu ambao hawakuua mtu. Agosti 2009 Kibaki alilazimika kubadilisha adhabu za wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mkupuo kuwa kifungo cha maisha. Uhuru Kenyatta akafanya hivyo tena Oktoba 2016 kwa wengine 2,747. Hesabu kama hizi zinakwambia sheria ilitungwa ili isikike, utekelezaji haukuwa kwenye mpango.

Nije kwenu sasa, maana historia ya adhabu hii haiwezi kuelezwa bila mkoa wa Shinyanga. Miaka ya 1970 Mwanza na Shinyanga ziliandamwa na mauaji ya waliotuhumiwa uchawi, kama haya yenu. Vyombo vya dola viliingia kwa operesheni, wakakamatwa watu wengi, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa serikali. Mwaka 1977 waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu kwa sababu hiyo, ingawa hakuwatesa kwa mkono wake. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Miaka michache baadaye sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, wakaanzia hukohuko kwenu, Kahama, kwa sababu wananchi walishachoka kumpeleka mwizi wa ng'ombe polisi asubuhi na kumkuta mnadani jioni. Sungusungu walifukuza wezi, lakini pia walihukumu, na kuna walioua. Chama tawala kiliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili watambulike.

Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayomfanya mbunge wa kawaida aogope kugusa kifungu cha 197. Anajua wapiga kura wake hawaiamini kesi. Wanaona mtuhumiwa anarudi mtaani, na wanadhani ameshinda kwa pesa. Mahali ambapo kibaka anachomwa na matairi barabarani, na gazeti kesho yake linaandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni jina la kikundi kilichosajiliwa, mbunge atasimama vipi aseme muuaji asinyongwe? Januari 2009, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka kwamba anayekamatwa akiua naye auawe. Alipobanwa bungeni kuhusu kauli ile, alilia machozi mbele ya kamera. Watu wengi walimwelewa. Mahakama zikaanza kuwahukumu wauaji wale kunyongwa, na kelele za kutaka wanyongwe kweli zikapanda. Hakunyongwa hata mmoja. Hukumu ilitangazwa, umma ukatulia, na jalada likapelekwa kwenye majalada mengine. Ukiniuliza adhabu hii inafanya kazi gani Tanzania ya leo, nitakujibu kwamba kazi yake ni hiyo ya kutangazwa. Kwa kuzuia mauaji sijaona. Vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu waliuawa kamba ilipokuwa inatumika, na wameuawa baada ya kusimama.

Kuhusu wazungu kufunga mikono. Kwanza kamba wameileta wao. Mjerumani alimnyonga Abushiri Pangani mwaka 1889 na Mangi Meli kule Old Moshi mwaka 1900, na vita vya Majimaji vilipozimwa akawanyonga wazee na manduna (viongozi wa vita) wa Wangoni pale Songea, mwaka 1906. Mwingereza akaja na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ndiyo hiyo tunayoitumia, ikiwa na adhabu hiyohiyo. Kwao waliisimamisha kwa mauaji mwaka 1965, kwetu ikabaki. Si kwamba kabla yao hatukuwa na namna ya kumaliza kesi ya damu. Usukuma kulikuwa na njigu, fidia ya ng'ombe kwa ukoo uliofiwa. Sitaki kuipamba, maana ng'ombe walikwenda kwa wanaume na mjane alibaki na mikono mitupu, lakini lengo lilikuwa koo mbili ziendelee kuishi bonde moja.

Ni kweli mabalozi wa Ulaya hutusemesha kuhusu jambo hili kila mwaka. Ila shinikizo lao peke yake halijabadilisha sheria yetu hata mstari mmoja. Nchi hubadilika pale ambapo yenyewe ina kitu inachokitaka. Rwanda iliwapiga risasi watu 22 hadharani Aprili 1998 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na walioshuhudia walikuwa maelfu. Mwaka 2007 ikaifuta adhabu kabisa. Moyo haukuwa umelainika. Serikali ilitaka watuhumiwa waliokimbilia nje warudishwe na kesi za mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo, iliyokuwa Arusha, zihamishiwe Kigali, na hakuna nchi wala mahakama ya kimataifa ambayo ingewatoa watu wakanyongwe. Zimbabwe iliifuta siku ya mwisho ya 2024, chini ya Emmerson Mnangagwa, ambaye yeye mwenyewe alihukumiwa kifo na serikali ya walowezi miaka ya 1960 na kuponea umri wake mdogo.

Kongo ilielekea upande mwingine. Tangu 2003 haikuwa inatekeleza adhabu hii, lakini Machi 2024, vita vya waasi wa M23 vikiwa vinaisumbua Kivu, mashariki mwa nchi, serikali ikatangaza kwamba utekelezaji utarudi kwa wanajeshi wasaliti na magenge ya mijini. Septemba mwaka huo mahakama ya kijeshi Kinshasa ikawahukumu kifo watu 37 kwa jaribio la mapinduzi la Mei, watatu kati yao Wamarekani. Aprili 2025, Kinshasa ikiwa katikati ya mazungumzo na Washington kuhusu madini na usalama, Wamarekani wale wakabadilishiwa adhabu na kurudishwa kwao. Miezi michache baadaye, Septemba 2025, Joseph Kabila naye, rais aliyekuwa madarakani adhabu hiyo ilipoacha kutekelezwa, akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani. Hapo sina la kuongeza.

Umeuliza kwa nini wasiifute. Kuna siku moja tulikaribia. Katikati ya 1994, mwaka uleule wa mwisho wa kunyonga, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mbushuu na mwenzake, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Hukumu ile ni ya mtu aliyekuwa amechoka kunyamaza. Alieleza hata namna mtu anavyonyongwa, hatua kwa hatua, ili msomaji asijifiche. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua. Na hapa watu wengi hawajui: majaji wa rufani walikubaliana naye kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamtweza mtu. Wakasema tu kuwa Katiba yenyewe, ibara ya 30, inaruhusu haki kubanwa kwa maslahi ya umma, na kwamba ni jamii yenyewe inayopaswa kuamua kama bado inaihitaji. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizisoma hukumu zetu hizo, ikazijadili, na ikakataa kuachia maoni ya umma yaamue haki ya mtu kuishi. Huko adhabu ikaisha. Huku ikarudishwa kwa jamii, maana yake Bunge, na Bunge limekaa nayo miaka zaidi ya thelathini.

Wenzetu wamepitia njia ya kati. Uganda, kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, na Kenya, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017, waliibakiza adhabu lakini wakaondoa ulazima wake, jaji akapata nafasi ya kupima. Sisi tumeambiwa hivyohivyo, tena na mahakama iliyoko kwenye ardhi yetu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji adhabu moja kunavunja haki ya kuishi, na ikatupa mwaka mmoja kurekebisha. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imewasilisha barua ya kujiondoa kwenye utaratibu unaomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Mwaka ulipita, mingine ikafuata, kifungu kikabaki. Mimi naona hili la kuondoa ulazima ndilo Bunge lingeweza kulifanya kesho bila kumuudhi mtu yeyote, kwa sababu mpiga kura wa Kahama haulizi sheria imeandikwa vipi. Anauliza kama aliyeua ameadhibiwa.

Kijana wenu, basi. Hatanyongwa hivi karibuni, hilo naweza kulisema kwa kutazama miaka iliyopita, ingawa hakuna sheria inayomkinga. Rais yeyote ajaye anaweza kuamka na kusaini. Kinachomhusu leo ni rufaa. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 baada ya hukumu, na mfungwa huipitisha kwa mkuu wa gereza. Ndugu zake wakaulize kama ilipelekwa na waombe nakala yenye muhuri. Kama muda ulipita, anaweza kuomba Mahakama Kuu imwongezee, ila aeleze sababu ya kuchelewa.

Na kwa kuwa shangazi aliuawa usiku, wakati wa kusoma mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani) mwangalie jambo moja kwanza: mashahidi walimtambuaje. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 mahakama zetu zinataka kujua mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Shahidi akisema tu "nilimwona kwa tochi" na asiulizwe zaidi, hukumu hiyo inaweza kuanguka. Kama alikiri polisi na baadaye akakana mahakamani, hilo nalo litazamwe. Hayo mtayajua mkipata mwenendo wenyewe; ombeni kwa maandishi kwa msajili wa Mahakama Kuu kanda yenu, mkitaja namba ya kesi.